Kampuni za sola za kulipa kidogo kidogo: mauzo yanapanda kila mwaka, mbona fedha taslimu haionekani?

#1 Ipagala Hisa
Wakuu, salaam.

Kikundi chetu cha uwekezaji hapa Dodoma kimeletewa andiko la kununua asilimia 20 ya kampuni inayouza sola kwa mkopo vijijini, kuanzia Chamwino na Bahi mpaka Manyoni. Jina naliacha. Andiko limepangwa vizuri: mauzo yamepanda miaka mitatu mfululizo, makusanyo yameandikwa asilimia 94, wateja wanaongezeka kila mwezi. Ukifika ukurasa wa mtiririko wa fedha, picha inageuka. Kila mwaka kampuni inafunga hesabu ikiwa na fedha pungufu kuliko ilivyoanza, na kila mwaka inatafuta mkopo mpya.

Dai langu ni kwamba ugonjwa huu ni wa biashara yenyewe, si wa kampuni moja. Mobisol, kampuni ya sola za mkopo kama hii, ilikuwa na wateja wengi Tanzania, Rwanda na Kenya, ikaanguka. Kinachoziua kampuni hizi ni nini hasa? Na mwekezaji mdogo adai karatasi zipi kabla ya kutoa shilingi?

#2 Hesabu Makole
Mkuu, anza na namna mauzo yanavyoingizwa vitabuni. Sola ikifungwa leo, sehemu kubwa ya bei inaandikwa leo kuwa mauzo, wakati fedha yenyewe itaingia kwa miaka mitatu. Tupige mfano, namba ni za kufanyia hesabu tu:

Seti mpaka ifike Dodoma mjini: 300,000.
Usafiri wa kijijini, fundi, kamisheni ya wakala: 40,000.
Mteja anatoa 30,000 ya kuanzia, kisha 600 kwa siku kwa siku 1,095. Jumla atalipa 687,000.

Siku ya kufunga kampuni imetoa 340,000, imepokea 30,000. Shimo ni 310,000. Mteja akilipa bila kuruka hata siku, mwezi unaingiza 18,250, shimo linafukiwa mwezi wa 17. Sasa funga wateja 200 wapya kila mwezi: unahitaji milioni 62 kila mwezi kutoka mahali fulani, kabla ya mishahara, kabla ya kodi ya ofisi. Kampuni inavyokua haraka ndivyo inavyokaukiwa haraka, huku ukurasa wa mauzo ukipendeza.

Tangu Januari 2018 viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS 9, vinataka utenge hasara inayotarajiwa kwenye madeni tangu siku ya kwanza, usisubiri mteja ashindwe. Angalieni andiko hilo limetenga kiasi gani. Likitenga asilimia 3 au 4 kwa mkopo wa miaka mitatu usio na dhamana, mwenye andiko anajidanganya au anawadanganya nyie.

#3 Nkuhungu Leo
Nakazia #2. Ila benki nazo zinakopesha kila siku na hazikauki. Tofauti iko wapi?

#4 Hesabu Makole
Nkuhungu, benki inakopesha amana za watu, ambazo nyingi inazilipia riba ndogo sana au hailipi kabisa. Kampuni ya sola inakopesha mtaji wa wanahisa na mikopo ya kibiashara. Tena benki ina hati ya nyumba mkononi. Huyu dhamana yake ni betri iliyotumika, iliyoko kilomita 90 kutoka ofisini.

#5 Fundi wa Majengo
Mnaongea vitabu, mimi niongee betri, kwa sababu hapo ndipo mteja anapoamua kulipa au kutolipa.

Chukueni seti ya TV ndogo inayouzwa sana: paneli ya wati 50, betri kavu ya risasi volti 12 ampea-saa 18. Betri hiyo ina wati-saa 216 ikiwa mpya. Matumizi ya nyumba moja usiku: TV ya wati 18 kwa saa 4 ni 72, taa nne za wati 3 kwa saa 5 ni 60, redio 25, simu 10. Jumla 167. Maana yake kila usiku unanyonya asilimia 77 ya betri. Betri ya risasi ukiinyonya hivyo inakupa mizunguko (kujaza na kunyonya) 300 hadi 400. Mkopo ni siku 1,095. Betri inakufa mwaka wa kwanza au mwanzoni mwa wa pili, mteja amebakiwa na deni la miaka miwili. Atalipia nini?

Ongeza joto. Betri za risasi hupimwa zikiwa kwenye nyuzi 25, na kila nyuzi 10 zinazozidi hapo zinakata maisha yake karibu nusu. Mafundi wengi wanapigilia boksi ukutani juu kabisa, chini ya bati, ili watoto wasifikie. Oktoba na Novemba saa nane mchana hapo juu si mahali pa betri. Nyumba ya tembe, ile ya udongo mpaka juu, ina ubaridi ndani na betri inadumu zaidi, ila paneli inahitaji nguzo yake pembeni kwa sababu dari ya udongo haishiki bolti, na nguzo hiyo hakuna anayeiweka kwenye bajeti.

Na vumbi. Paneli ya wati 50 kwa saa 5.5 za jua, ukitoa upotevu wa nyaya, joto na chaji, inakupa kama wati-saa 192 kwa siku. Hapa kwetu kuanzia Mei mpaka mvua za Desemba paneli isipofutwa inapoteza kwa urahisi asilimia 13. Unabaki na 167, sawasawa na matumizi, hakuna akiba. Januari mawingu yakikaa siku tatu, betri inalala njaa, na betri ya risasi ikilala njaa inaganda salfa kwenye sahani zake. Hairudi.

Swali la kwanza kwa mwenye kampuni liwe hili: ni lithiamu au risasi? Lithiamu ya chuma-fosfeti inavumilia mizunguko 2,000 na zaidi kwa kunyonywa asilimia 80.

#6 Hesabu Makole
Fundi, shukrani. Niunganishe na mfano wangu. Mteja akilipa asilimia 70 ya siku, mwezi unaingiza 12,775 badala ya 18,250. Toa 4,000 za huduma: makato ya pesa za simu, dawati la wateja, fundi wa mzunguko. Zinabaki 8,775. Shimo la 310,000 sasa linafukiwa mwezi wa 36, bila riba ya mkopo. Kwa betri ya #5, kampuni inazika betri ya kwanza na ya pili kabla haijarudisha hela yake.

Mkopo wa siku 1,095 kwa asilimia 70 unakuwa wa siku 1,564, miezi 51. Ni watu wachache wanaokumbuka kuliandika hilo kwenye makadirio.

#7 Zuzu 400
Yote sawa, lakini mnaruka tembo aliyeko sebuleni: gridi. Serikali ilitangaza vijiji vyote 12,318 vimefikiwa na umeme, sasa kazi iko vitongojini. Kuunganishwa kijijini ni 27,000 na uniti ni shilingi 100. Matumizi ya Fundi, wati-saa 167 kwa siku, ni uniti 5 kwa mwezi. Shilingi 500! Nani atalipa 18,250 kwa taa zilezile jirani yake analipa 500?

#8 Mtemi wa Manyoni
Zuzu, rekebisha kidogo. Mia moja ni bei kabla ya tozo. Weka VAT 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) 3, ya EWURA (mdhibiti wa nishati) 1, unapata 122, ndiyo maana LUKU ya elfu moja inatoa uniti 8.2. Uniti 5 ni 610. Na bei hiyo ni ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, uniti inayofuata inahesabiwa 350 kabla ya tozo.

Hoja yako inabaki na nguvu, ila "kijiji kimefikiwa" maana yake nguzo zimefika katikati ya kijiji, shuleni na kwenye zahanati. Bahi au Manyoni kitongoji kinaweza kuwa kilomita 6 kutoka kwenye transfoma. Ile 27,000 ni kwa aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye waya, hahitaji nguzo. Kuna pia gharama ya kutandaza waya ndani ya nyumba, na ndiyo sababu REA walileta UMETA kwa nyumba ndogo: kiboksi chenye swichi, soketi na taa, hakuna haja ya kutandaza nyaya nyumba nzima. Mwekezaji achukue ramani ya miradi ya vitongoji aweke juu ya ramani ya wateja wa kampuni. Mteja aliye chini ya kilomita 2 kutoka kwenye laini, mhesabu kama mteja wa miezi 12, si 36.

#9 Mzee wa Kuponi
Vijana, mnasahau dola. Vifaa vinanunuliwa kwa dola, mikopo ya wafadhili ni ya dola, mteja analipa shilingi. Mwanzoni mwa 2015 dola ilikuwa karibu 1,730, mwisho wa mwaka uleule karibu 2,150. Deni la dola 100,000 liliamka kutoka milioni 173 hadi milioni 215 bila mtu kukopa senti ya ziada. Bei ya mteja imefungwa miaka mitatu, huwezi kumwambia mama wa Mvumi kwamba shilingi imeshuka kwa hiyo aongeze 150 kwa siku. Hapo ndipo kifo kilipo.

#10 Binti Chimwaga
Shikamoo mzee. Kwa 2015 nakubali. Lakini Mobisol iliomba ulinzi wa ufilisi Berlin Aprili 2019, na kati ya 2016 na 2018 shilingi yetu ilitembea polepole, kutoka karibu 2,180 hadi karibu 2,300. Kama dola ndiyo muuaji, alichelewa sana kufika msibani.

Naona sababu nyingine: kamisheni. Wakala analipwa anapofunga sola, halipwi mteja anapolipa. Kwa hiyo anamfungia yeyote mwenye 30,000 mfukoni, hata anayejulikana kijiji kizima kwamba deni la duka hajalimaliza. Wawekezaji wa mtaji wa ukuaji nao wanauliza wateja wangapi mwezi huu, basi meneja anajibu swali aliloulizwa. Kampuni iliyopona utaitambua kwa mkataba wa wakala: theluthi siku ya kufunga, inayobaki inatolewa mteja anapofikisha miezi 6 na 12 ya malipo.

#11 Nkuhungu Leo
Si Mobisol ilikuwa kampuni ya Kenya? Nasikia Wafaransa waliinunua 2020.

#12 Binti Chimwaga
Ya Berlin, Ujerumani. Engie ya Ufaransa iliinunua 2019 hiyohiyo. Mwaka 2020 ndipo Engie ilipoiunganisha na Fenix International, waliyoinunua mapema kwa soko la Uganda, pamoja na kitengo chao cha gridi ndogo PowerCorner, ikazaliwa Engie Energy Access. PowerCorner ilianzia hapahapa kwetu, Ketumbeine kule Longido. Kisha 2025 Engie nao wakaiuza kwa Ignite Power. Biashara ileile imebadilisha mikono mara mbili ndani ya miaka sita, na mara ya kwanza muuzaji alikuwa kwenye ufilisi. Mnunuzi wa namna hiyo anachukua vifaa, wateja na programu. Mwanahisa wa zamani anasubiri nyuma ya wadai wote.

Ipagala, hilo la foleni likae kichwani. Nyie mnaombwa kuwa wanahisa.

#13 Kibaigwa Sokoni
Naona mnahesabu kana kwamba mkulima wa Kongwa ana mshahara wa mwisho wa mwezi. Kanda yetu ina msimu mmoja wa mvua, Desemba mpaka Aprili. Mahindi na alizeti yanaanza kuwa fedha Juni, yanauzwa mpaka Septemba. Kuanzia Desemba mpaka Machi fedha yote iko shambani, na chakula ghalani kinapungua. Wenye zabibu wana mavuno mawili kwa mwaka, wamekaa vizuri zaidi, ila hao ni wa Hombolo, Mpunguzi na jirani zake, si kanda nzima.

Malipo ya 600 kwa siku yalibuniwa kwa mtu wa bodaboda na mama wa genge, wenye mzunguko wa kila siku. Mkulima mpe mkataba wa kulipa 110,000 Julai na 60,000 Septemba, kisha kidogo kidogo miezi mingine. Ukimzimia taa Februari kwa kukosa 600, anazoea giza, anarudi kwenye tochi, na Julai fedha ikija ina kazi nyingine. Pia bei ya zao lenyewe haitabiriki: 2023 alizeti ilishuka sana baada ya mafuta ya nje kuingia kwa wingi, na kila deni lililotegemea alizeti Singida na Dodoma liliumia kwa pamoja. Hatari ya aina hiyo haipungui kwa kuwa na wateja wengi, kwa sababu wote wanauza gunia lilelile wiki ileile.

#14 Zuzu 400
Kibaigwa bwana, tukijadili satelaiti utaleta gunia la alizeti 😄 Lakini safari hii umepiga penyewe.

#15 Ipagala Hisa
Shukrani kwa wote. Swali: kama haya yote ni kweli, asilimia 94 ya makusanyo wameitoa wapi?

#16 Hesabu Makole
Hapo ndipo pa kukaa nao meza moja siku nzima. Uliza asilimia 94 ya nini.

Mfano. Kampuni imefunga seti 3,000. Wateja 700 hawajalipa kwa zaidi ya siku 90, imewahamishia kwenye orodha ya "waliositishwa". Inabaki na 2,300 "hai". Wanaodaiwa mwezi huu ni 2,300 mara 18,250, yaani 41,975,000. Zimeingia 39,456,500. Gawanya, asilimia 94, hesabu ni sahihi kabisa. Sasa rudisha wale 700 kwenye mgao: 3,000 mara 18,250 ni 54,750,000, na makusanyo yanakuwa asilimia 72. Fedha ileile, mwezi uleule.

Kuna mwongozo wa vipimo vya sekta hii unaoitwa PAYGo PERFORM, ulioandaliwa na mashirika ya CGAP, GOGLA na Lighting Global, hasa kwa sababu kila kampuni ilikuwa inapima kwa rula yake. Waambieni waandike namba zao upya kwa vipimo hivyo.

Kisha dai faili ghafi, si ripoti. Liwe na namba ya akaunti, tarehe ya kufungwa, bei, kianzio, kila malipo na tarehe yake, siku ambazo kifaa kilikuwa kimezimwa kwa kutolipa, na kila betri iliyobadilishwa. Majina na simu wafiche, hamyahitaji. Panga wateja kwa mwezi waliofungiwa sola, angalia kila kundi lilikuwa limelipa asilimia ngapi ya kilichotakiwa lilipofika mwezi wa 6, wa 12, wa 18. Makundi ya zamani yakiwa mazuri kuliko mapya, maana yake wanapanua kwa kushusha kiwango cha mteja. Linganisha jumla ya kila mwezi na taarifa ya akaunti ya makusanyo kutoka kwa kampuni ya simu, mletewe moja kwa moja, isipite kwa mhasibu wao. Angalieni namba moja ya simu inayolipia akaunti nyingi tarehe 29 na 30. Anaweza kuwa wakala anayesaidia wateja wasio na simu, ni kawaida, ila inaweza pia kuwa kampuni inajilipa yenyewe kupamba mwezi.

#17 Fundi wa Majengo
Niongeze kwenye "siku kifaa kimezimwa". Kufuli ya kumzimia asiyelipa iko kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia chaji), ndani ya boksi. Paneli haina kufuli. Mteja aliyechoka anakata waya wa paneli, ananunua kontrola ya bei ndogo dukani, anaunga betri yoyote, maisha yanaendelea. Kwenye mfumo wa kampuni anaonekana "amezimiwa, ana matumaini". Ukienda nyumbani kwake taa zinawaka.

Kuna boksi za aina mbili. Zenye laini ya simu ndani zinatuma taarifa ya volti na chaji kila siku, hivyo ofisi inajua paneli imechomolewa, ila vitongoji vingi nyuma ya milima ya Mpwapwa mtandao unakuja na kuondoka, boksi linajifunga hata kwa aliyelipa. Za tokeni, unabonyeza namba kama LUKU, hazihitaji mtandao, lakini ofisi haijui kinachoendelea mpaka mtu aende. Uliza ni aina gani na ngapi za kila moja.

#18 Wakili Area D
Upande wa makaratasi, kwa ufupi.

Kampuni binafsi kwa sheria yetu ya makampuni ya 2002 haizidishi wanachama 50. Kikundi kikiwa na watu 60 kila mmoja akaandikwa hisa zake, mmeshavuka mstari; sajilini kikundi kiwe mwanahisa mmoja. Wakitangaza hisa kwa umma bila idhini ya CMSA (mamlaka ya masoko ya mitaji), kimbieni.

Asilimia 20 peke yake kwa kawaida haikupi udhibiti. Ila ikiambatana na haki ya kuzuia bajeti au kumteua mkurugenzi, inaweza kuhesabika kuwa muungano wa kuarifiwa FCC (tume ya ushindani) iwapo mauzo au mali za pande zote zinafika bilioni 3.5. Angalieni pia kama kuna wengine walionunua karibuni: umiliki ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, kifungu cha 56 cha sheria ya kodi ya mapato kinaihesabu kampuni kama imeuza mali zake zote, na kodi hiyo inabebwa na kampuni yenyewe, yaani pamoja na nyie mlioingia mwishoni.

Gawio la kampuni isiyoorodheshwa DSE (soko la hisa la Dar es Salaam) linakatwa asilimia 10, la iliyoorodheshwa 5.

Maoni yangu: msinunue hisa. Kopesheni kwa shilingi dhidi ya madeni ya wateja mliowachagua wenyewe kwenye faili la #16, fedha zao ziingie akaunti ya pekee, na rehani hiyo isajiliwe BRELA (wakala wa usajili wa makampuni) ndani ya siku 42 tangu kusainiwa. Isiposajiliwa kwa wakati, siku ya ufilisi mtakuwa sawa na muuza karatasi wa ofisini.

#19 Binti Chimwaga
#18 ndiyo njia ambayo wakubwa wamekwenda. Kampuni ya sola ya Sun King, Julai 2023 kule Kenya, ilipata kiasi cha dola milioni 130 dhidi ya madeni ya wateja wake, fedha zikiwa katika shilingi ya Kenya, benki ya Citi ndiyo iliyoandaa mpango huo. Kampuni nyingine, d.light, ilikuwa imeanza mtindo wa kuuza madeni kwa chombo cha pembeni (kampuni iliyoundwa kushika madeni hayo tu) tangu 2020. Mzee wa Kuponi, hapo hoja yako ya dola imejibiwa: mkopo na makusanyo viko kwenye sarafu moja.

#20 Mzee wa Kuponi
Marahaba binti. Imejibiwa kwa Sun King yenye mamilioni ya wateja. Kampuni ya seti 3,000 ya Chamwino nani ataipangia kitu kama hicho? Ada za mawakili pekee zitameza mtaji. Tena vifaa bado vinanunuliwa kwa dola, hilo hakuna mkataba unaoliondoa.

Kama kikundi kinataka nishati safi na usingizi, hatifungani ya Kijani ya benki ya CRDB ilitoka 2023 kwa riba ya asilimia 10.25 kwa miaka mitano, ikatafuta bilioni 40 ikapata bilioni 171.8. Ile ya maji ya Tanga ya 2024 ni asilimia 13.5, miaka kumi. Zote ziko sokoni DSE, dalali anakutafutia anayeuza.

#21 Zuzu 400
Mzee, Tanga ni mabomba ya maji, si umeme. Na Kijani ni deni la benki: unalipwa na CRDB, iwe mradi wa kijani umefaulu au la. Ni salama, ndiyo, lakini si sawa na kuwekeza kwenye sola.

#22 Mzee wa Kuponi
Ndiyo uzuri wake, mwanangu.

#23 Mtemi wa Manyoni
Nirudi kwenye muuaji. Bado hakuna aliyehesabu umbali. Wateja 3,000 waliotawanyika Chamwino, Bahi na Manyoni, fundi mwenye pikipiki anafikia nyumba nne au tano kwa siku wakati wa kiangazi. Mbuga za Bahi zikijaa maji Februari anafikia moja, au harudi siku hiyo. Ile 4,000 ya huduma ya Hesabu Makole inatosha kwa kampuni iliyobana wateja kata tatu. Kwa iliyotawanyika wilaya tatu, weka 7,000, na shimo lake la 310,000 linafukiwa baada ya miezi 53. Muulize mwenye andiko wateja wangapi kwa kila fundi, na wangapi ndani ya kilomita 10 kutoka anapolala fundi.

#24 Hesabu Makole
12,775 kutoa 7,000 ni 5,775, ndiyo, miezi 53 na siku kadhaa. Nakubali. Ila ona kwamba namba yako inategemea asilimia 70 ya makusanyo, ambayo nayo inategemea betri ya Fundi na msimu wa Kibaigwa. Mimi bado nasema chanzo ni mtaji usiolingana na mkopo. Kampuni yenye fedha ya miaka mitano kwa riba nafuu ingevumilia yote haya.

#25 Fundi wa Majengo
Fedha ya miaka mitano haifufui betri.

#26 Kibaigwa Sokoni
M-KOPA walianza na sola Kenya, leo biashara yao kubwa ni simu janja za mkopo. Nadhani walisoma mchezo: simu mtu anailipia hata njaa ikiwapo, kwa sababu inamletea fedha. Taa haimletei. Kama kampuni hiyo inauza pampu ya kumwagilia au mashine ya kukamulia alizeti kwa sola, mazungumzo yangekuwa mengine.

#27 Ipagala Hisa
Nimewaandikia watume faili ghafi na orodha ya mafundi na vituo vyao. Wamejibu kwamba betri ni "za kisasa" bila kusema aina, na kwamba tunakaribishwa kuona ghala la vifaa vilivyorudishwa. Fundi, tukifika pale tupime nini bila maabara?

#28 Fundi wa Majengo
Kwanza soma lebo. Ikiwa na 12 V, au Pb, ni ya risasi. Ikiwa na 12.8 V au LiFePO4, ni lithiamu. Lebo ikiwa imebanduliwa, inua kwa mkono: risasi ya ampea-saa 18 ina kilo tano na zaidi, lithiamu ya ukubwa huo haifiki nusu ya uzito huo.

Usidanganywe na mita peke yake. Ya risasi iliyojaa na kupumzika saa kadhaa inasoma 12.7, ikiwa nusu 12.2, ikishuka 11.8 imekwisha. Lakini iliyochoka nayo inaweza kusoma 12.6 ukiipima bila mzigo. Lithiamu ndiyo kabisa, inakaa kwenye 13.2 karibu muda wote, volti haikuambii kitu. Chagua kumi wenyewe kutoka kwenye rundo la waliorudisha, si walizopanga mezani. Zichajiwe usiku kucha. Asubuhi kila moja iwekewe taa ya wati 20 ya volti 12, ya pikipiki inatosha, na uandike saa. Ya ampea-saa 18 iliyo nzima inatakiwa kukaa saa kama 9 au 10. Ya risasi ikate ikifika 10.8, usiinyonye zaidi. Isiyofika saa 5 hiyo imekufa, na kampuni haiwezi kumfungia mteja mwingine kama "iliyokarabatiwa".

Andikeni pia tarehe ya kutengenezwa iliyopigwa mhuri pembeni. Zikiwa nyingi zimekufa kabla ya miezi 18, chukueni faili la Hesabu Makole mwangalie makusanyo ya kundi lilelile mwezi wa 18.

#29 Nkuhungu Leo
Fundi, na kama zote kumi ni lithiamu na zote zinakaa saa 10?

#30 Fundi wa Majengo
Basi uliza kwa nini zilirudishwa. Betri nzima ikirudi ghalani, mteja ndiye aliyeshindwa, na hapo muiteni Kibaigwa.

#31 Mtemi wa Manyoni
Au laini ya TANESCO imefika. Kila boksi lililorudi lina kijiji chake kwenye kumbukumbu. Chukueni na hiyo orodha.